Bosi ni Nani Leo?

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Aliyeiandika saa hiyo ni mzee mmoja tu, kwa chaki, nyuma ya mlango wa stoo. Miaka thelathini na moja ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mambo yakiharibika wakubwa husahau saa, husahau pia ni nani alitoa amri, lakini mdogo wa kulaumiwa hawamsahau hata siku moja.

Mzee huyo alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika karakana ya mabasi. Mafundi walimwita Babu Nati, kwa kuwa ungeweza kumwekea nati kiganjani akiwa amefumba macho, akaipapasa na kukwambia ni ya namba ngapi na imetoka kwenye gari gani. Shule aliishia darasa la nne. Mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu hapo ulimi wake ulikuwa kama tupa: chochote ulichokigusa kilitoka kimepungua, hasa kikiwa ni cheo cha mtu.

Siku hiyo Meneja alizindua programu mpya. Zamani fundi alifika dirishani na orodha yake, Babu Nati akavuta kadi kutoka masanduku ya mbao, akaandika, akaingia kwenye rafu, akatoka na mzigo. Sasa kadi zilikuwa zimefungiwa chumba cha juu, ufunguo uko mfukoni mwa Meneja, na mezani ipo kompyuta na printa yake. Babu Nati alifundishwa siku mbili: andika namba za vipuri, bonyeza, ngoja karatasi, ndipo utoe mali. Bila karatasi haitoki hata skrubu.

Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Wa kwanza dirishani alikuwa Fundi Breki, mtu mnene ambaye breki zote alizijua isipokuwa ya mdomo wake. Alikuwa na orodha ya vitu kumi na moja. Babu Nati akaviandika vyote kwa kidole kimoja, taratibu kama anayetoa mwiba, kisha akabonyeza.

Kompyuta ikanyamaza.

"Inawaza," Meneja alisema, huku akimtabasamia mpiga picha.

Dakika ya tatu mpiga picha akafunika kamera yake. Dakika ya tano Meneja akakumbuka kwamba ana kikao. Karatasi ilitoka saa mbili na dakika ishirini na moja, na kwenye kila mstari palichapwa "Imeidhinishwa na", kisha jina zima la Meneja na vyeo vyake vinne, hata neno "beringi" likabanwa pembeni kama abiria asiye na tiketi.

"Babu," alisema Fundi Breki, "hapa ningeoa, nikazaa, na mwanangu ndiye angekuja kuchukua hizi beringi."

"Na angekuta baba yake bado hajui kufunga breki za nyuma. Shika mzigo wako, nenda."

Kufika adhuhuri foleni ilikuwa imetoka mlangoni, ikapinda kwenye bomba la maji, ikafika getini. Mabasi saba yalikaa juu ya mawe bila magurudumu. Mafundi wengine walilala kwenye maboksi, wengine wakajadili ndoa za wenzao.

Jumatano asubuhi Meneja alirudi na barua mkononi.

"Mzee wangu, tatizo tumeligundua. Ni kidole chako."

"Kidole?"

"Unaandika polepole. Ni umri huo."

"Kidole changu kinamaliza kazi kabla mashine haijaanza yake, bosi. Nikishabonyeza ninakaa mikono mapajani kama bibi harusi."

"Usibishane na teknolojia, mzee. Ijumaa saa sita Mkurugenzi anakuja kukagua. Akikuta foleni, barua hii nitaisaini mbele yake, aone kwamba hapa hatua zinachukuliwa."

Barua ilisema kwamba mtunza stoo anahamishiwa uwanja wa vyuma chakavu, kuhesabu matairi yaliyokufa, mpaka atakapostaafu. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya ukuta, na hapakuwa na mtu aliyefika huko ila paka. Kwa mwingine hiyo ingekuwa likizo. Lakini Babu Nati nyumbani hakuwa na wa kumwuliza umeshindaje. Salamu zake zote za siku, na utani wote, na ugomvi wote wa kumchemsha damu, alivipata kwenye lile dirisha lenye upana wa mikono miwili. Kumtoa pale ilikuwa ni kumzika mapema, tena bila hata kumwosha.

Basi siku nzima akafanya kitu ambacho mkubwa hata mmoja hakukifanya: akapima. Alitazama saa ya ukutani, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Kitu kimoja, dakika moja kasoro kidogo. Vitu viwili, dakika mbili. Vitano, tano. Akajaribu namba ya kipuri ambacho hakipo duniani: nacho dakika moja, ndipo mashine ikasema hakuna.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, shemeji yake alimkuta kibarazani akishona kifungo. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na tangu msiba alijipa kazi ya kuja kumchokoza kila siku ili asije akasahau kuongea.

"Shemeji, hicho kifungo unakishona au unakifunga jela?"

"Ninakishona kama dada yako alivyonifundisha."

"Alikufundisha vibaya, basi. Haya, wamekufukuza?"

Akamsimulia yote: kidole, barua, matairi, Ijumaa. Akaelekea kwenye laana za wakubwa, ambazo shemeji alizijua kwa moyo kama wimbo wa shule, basi shemeji akamkatiza.

"Ngoja. Kila kitu kimoja dakika moja?"

"Dakika moja. Hata kisichokuwepo."

Shemeji akacheka mpaka akashika nguzo. "Mbona hiyo mashine ni wewe mtupu. Umesahau wiki ya kwanza ya ndoa? Dada akakutuma chumvi, ukaenda sokoni, ukarudi. Akakutuma kitunguu, ukaenda, ukarudi. Akakutuma kiberiti. Safari ya nne wachuuzi wakaulizana kama umeachwa."

"Nilikuwa namheshimu mke wangu."

"Ulikuwa unamchosha. Tena kila ukienda unaanzia mlango mkubwa, unapita meza moja moja, wauza ndala, wauza vioo, wauza mitego ya panya, unawauliza wote kama wana chumvi. Chumvi iko mezani kwake, pale pale ilipokuwa jana."

Babu Nati aliacha kushona. Ndani, kwenye kopo la vifungo, bado alikuwa na kile kikaratasi mkewe alichomwandikia baada ya safari ya nne: vitu vyote kwa pamoja, vimepangwa kwa jinsi meza zilivyofuatana, na chini yake, "Nenda mara moja, mume wangu, uje tukae." Kusoma kwa haraka alijifunza kwenye vikaratasi vile, si darasani.

"Inakwenda sokoni kila mara," alisema polepole. "Na inapita meza zote."

"Sasa kamwambie bosi wako."

"Bosi wangu hata akiambiwa nyumba yake inaungua, atauliza barua iko wapi."

Alhamisi alifika mtengenezaji wa programu yenyewe. Meneja alikuwa amemwita ili aseme kwa maandishi kwamba inatakiwa kompyuta kubwa zaidi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mfuko uliotokeza soksi za watoto, na kwa kuwa alizaa pacha kila mtu alimwita Mama Pacha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mama wa hili jini?"

"Ndiye mimi. Mbona kule ofisini kwetu lilikuwa linajibu kufumba na kufumbua?"

"Mlilijaribu na vipuri vingapi?"

"Ishirini. Meneja alisema orodha kamili ni siri ya karakana."

Babu Nati akamgeukia, ulimi wa tupa ukiwa tayari, kisha akaona haya kumpitishia mtoto wa watu. "Humu ndani vimo elfu kumi na nne," alisema tu.

Mama Pacha akavuta kiti, akakaa. Babu Nati akamfungulia mlango na kumwonyesha chaki.

"Nani amepima hivi?"

"Wa darasa la nne."

Akavisoma vipimo mara mbili, akavipiga picha kwa simu. Kisha akaeleza, naye alieleza vizuri, bila kujifanya. Alisema vipuri vyote vimeandikwa kwenye ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Programu haina habari zake yenyewe. Kila inapotaka jambo hutuma swali ghalani, swali likaenda, likarudi na jibu. Safari moja ni fupi mno, hujapepesa jicho, imekwisha. "Lakini safari zikiwa nyingi, baba, hata fupi hulala njiani."

"Hilo ninalijua. Nimelilia ndoa nzima."

Mama Pacha akafungua dirisha dogo kwenye kioo cha kompyuta, la kuonyesha kila swali linapoondoka. Akamwomba aombe kitu kimoja tu. Babu Nati akaandika namba ya nati ya gurudumu, akabonyeza. Kioo kikaanza kukimbia mistari kama maji ya mfereji.

"Hebu nisomee, macho yangu hayawahi."

Mama Pacha aliinamia meza. Alikuwa ameshika kichwa. Babu Nati akasogeza miwani, akasoma mwenyewe, kwa sauti, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

"Bosi ni nani. Bosi ni nani. Bosi ni nani. Bosi ni nani." Akamtazama. "Inauliza nini hii?"

"Inatafuta nati yako, baba. Inaanzia kipuri cha kwanza. Lakini kabla ya kukitazama kila kipuri, inauliza kwanza bosi wa kuidhinisha ni nani. Ikishajibiwa, inatazama: hiki si nati. Inahamia cha pili. Bosi ni nani?"

"Yaani mara elfu kumi na nne?"

"Kwa kila mstari wa orodha." Alikionyesha kioo kwa kidole. "Kosa ni langu. Wiki ya mwisho Meneja aliamuru jina lake lionekane kila mstari, akanipa mchana mmoja wa kufanya hivyo. Nikaliweka swali ndani, kwenye kila kipuri, badala ya kuliweka nje. Na vipuri ishirini havikunisuta."

Babu Nati alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, kikamfanya Fundi Breki aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni aingize kichwa dirishani kuona mzee amepatwa na nini. Tangu msiba hakuna aliyekisikia kicheko kile.

Kilipoisha, alifungua droo. Chini ya kalamu na raba palikuwa na karatasi yenye mihuri mitatu. "Nilipoomba ruhusa nimpeleke mke wangu hospitali," alisema, "barua ilikwenda kwa huyu, ikaulizwa bosi ni nani, ikaenda kwa yule, ikaulizwa tena. Hii hapa ruhusa yangu. Ilinifikia siku ya tatu baada ya maziko. Kwa hiyo hilo jini lako, mwanangu, hukulikosea sana. Limefanana na nyumba lilimozaliwa."

Mama Pacha aliishika karatasi kwa mikono miwili, akairudisha bila kusema pole ya haraka haraka. Mzee akampenda kwa hilo.

"Kuuliza si ujinga," akasema Babu Nati, akifunga droo. "Lakini kuuliza lile lile wakati jibu unalo mkononi, huo sasa ni uongozi. Tunafanyaje?"

"Bosi tumuulize mara moja, asubuhi ukiwasha mashine. Jibu tulitunze kwenye kumbukumbu, lichapwe kila mstari kama anavyotaka, bila kwenda ghalani tena."

"Na orodha ya fundi?"

"Iende yote kwa pamoja, safari moja."

"Kama kikaratasi cha mke wangu. Na hiyo tabia ya kupita meza zote?"

"Hapo ndipo ninafikiri."

"Usifikiri. Kadi zangu zilikuwa na masikio. Kila sehemu ina kadi moja ndefu kuliko nyingine, imechomoza, imeandikwa namba. Nikitaka nati nashika sikio la nati, sigusi beringi. Liwekee ghala lako masikio."

"Kwetu hiyo inaitwa faharasa."

"Nyie muiite mnavyopenda. Ni masikio."

Walifanya kazi wakati wa chakula cha mchana, mafundi wakiwa nje. Mama Pacha aliandika, mzee akasoma namba za vipuri kutoka kichwani ili kujaribu. Kitu kimoja: kufumba na kufumbua. Vitu kumi na moja: sekunde mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya printa kukohoa.

Ijumaa saa nne foleni haikuwepo. Fundi Breki alisimama peke yake dirishani, beringi mikononi, uso umemshuka.

"Babu, umetuharibia. Wiki hii ndiyo nilikuwa nimepata usingizi."

"Kalale kwenu. Kule una foleni ya nani?"

"Ya mama mkwe."

Saa sita kasoro robo Meneja aliingia na barua yake na kalamu, na nyuma yake Mkurugenzi, mama mfupi wa viatu vya raba, mwenye haraka. Meneja alitazama huku na huku akitafuta foleni kama mtu aliyeibiwa pochi.

"Nioneshe," Mkurugenzi alimwambia Babu Nati.

Akaandika vitu kumi na moja kwa kidole chake kimoja. Sekunde mbili. Mkurugenzi akaichukua karatasi, akaisoma kuanzia juu hadi chini.

"Huyu aliyejaa humu ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa," Meneja alisema, na kalamu ikarudi mfukoni yenyewe.

"Wewe unaidhinisha vitu kumi na moja kwa sekunde mbili?"

"Tumejitahidi, mheshimiwa."

"Mtu wa kasi hiyo anapotea huku. Njoo makao makuu, leo hii. Mwachie ofisi mkuu wa usafi, akaimu."

Hivyo ndivyo wakubwa huanguka: huangukia juu. Saa sita na robo Meneja alikuwa ameshaondoka na kiti chake cha kuzunguka. Barua ya matairi ilibaki mezani bila sahihi, na kazi ya kuisaini haikuwa tena ya mtu yeyote. Babu Nati aliigeuza nyuma, akaanza kupigia hesabu za skrubu.

Ila saa tisa Kaimu alishuka na karatasi mkononi, mtu mpole mwenye harufu ya sabuni.

"Babu, mbona bado linatoka jina lake? Bosi si mimi?"

"Mashine iliuliza asubuhi, ikajibiwa. Inamwamini."

"Basi iulize tena."

"Nikiizima na kuiwasha itauliza. Lakini kesho na keshokutwa je? Iulize mara ngapi?"

Mama Pacha, aliyekuwa amepita kuhakikisha kazi yake, aliegemea rafu akisubiri.

"Kila mara," Kaimu alisema.

"Kila mara ndiyo foleni ya Jumanne," alisema Mama Pacha.

"Kila saa moja, basi."

"Na wewe ukihamishwa dakika ya kumi?" Babu Nati aliuliza. "Leo tumeona inavyokwenda. Dakika hamsini nitakuwa natoa mali ya umma kwa jina la mtu aliyeko njiani na kiti chake."

Kaimu akakaa juu ya boksi la gasketi. Akawaza. Akasema jambo kubwa kama hilo haliwezi kuamuliwa na kaimu, akaandika barua makao makuu. Ikaenda. Baadaye wakasikia kwamba imefika mezani kwa Meneja wa zamani, naye ameipeleka kwenye kamati, na kamati inataka kwanza kujua ni nani bosi wa kamati.

Kwa hiyo kila asubuhi Babu Nati huwasha mashine, nayo huuliza mara moja, kwa adabu, kisha hufanya kazi. Akisikia tetesi za uhamisho hunyoosha kile kidole chake polepole juu ya swichi, akiwatazama mafundi kwa jicho moja, maana akizima na kuwasha ndiye anayewapa bosi mpya. Shemeji humwambia sasa ana cheo kikubwa kuliko wote, na kwamba vifungo vyake bado vimekaa upande.

Nyuma ya mlango, chini ya vile vipimo, ameandika kwa chaki: "Bosi aulizwe mara ngapi kwa siku?" na kuacha nafasi ya jibu. Wiki ya tatu hii, nafasi iko vile vile. Juzi Fundi Breki aliingia kuchukua nati nne, akasimama akalisoma swali hilo, akajikuna shingo kwa spana, akauliza lake.

"Na isipouliza kabisa, Babu, nati zitakataa kutoka?"